Pumu ya ngozi: kazi ya kila siku, kuanzia bafuni hadi kabatini

Mimi ni fundi cherehani, Kigamboni. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, na mwanangu wa pili kairithi. Wateja wangu wengi ni akina mama, na mmoja akishaviona viwiko vyangu wakati namchukua vipimo, swali huwa lile lile: "Fundi, unatumia dawa gani?" Jibu langu huwaudhi. Natumia mafuta ya mgando, mengi, kila siku, hata zile wiki ambazo ngozi imetulia kabisa na hakuna anayejua kama naumwa. Dawa ipo na nitaifikia, lakini anayeanza na dawa akaruka mafuta atakuwa anarudi famasi kila mwezi.

Sababu ni hii. Tabaka la juu la ngozi kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasitoke, na kuzuia sabuni, vumbi na vijidudu visiingie. Kwetu sisi tabaka hilo ni dhaifu, kwa wengi ni la kuzaliwa nalo. Maji yanatoka, ngozi inakauka, inawasha, unajikuna, unaichana zaidi, na vya nje vinapata mlango. Ndiyo maana familia moja utakuta huyu ana pumu ya kifua, yule mafua ya aleji, na mwingine ngozi. Hospitalini wataiita ukurutu au ekzema. Haiambukizi, kwa hiyo mwalimu anayemkalisha mtoto dawati la peke yake aambiwe hivyo, kwa upole, lakini aambiwe.

Bafuni

Oga kila siku, maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi. Najua maji ya moto yanavyokuna vizuri. Utamu wake ni wa dakika mbili, ukitoka tu ngozi imekauka na inawasha kuliko mwanzo. Huku kwetu kuna shida ya ziada: visima vingi ni vya chumvi. Maji yale hayataki kutoa povu, unaongeza sabuni, halafu hiyo sabuni haitoki vizuri mwilini. Ukiwa na ndoo moja tu ya maji ya bomba au ya mvua, itunze kwa kujisuuzia mwisho.

Sabuni ndiyo adui anayekaribishwa ndani kwa heshima. Sabuni ya mche, sabuni ya magadi, na hizi sabuni za dawa zinazonukia wodini, zote ni kali. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, pH yake ni karibu na 5, wakati sabuni ya kipande ya kawaida inafika 9 au 10. Mtu mwenye ngozi nzima hatasikia kitu. Wewe utasikia. Tumia sabuni kwapani, sehemu za siri na nyayoni, na iwe isiyo na harufu wala rangi. Sehemu nyingine zote pitisha mafuta mazito ya famasi, yale meupe yanayolainika yakikutana na maji. Chota kijiko kimoja, yasugue viganjani na maji ya vuguvugu hadi yawe kama uji mwepesi, jipake, jisuuze. Hayatoi povu, na mama mkwe atasema hujaoga. Umeoga. Ila kuna krimu nyepesi nyeupe inayouzwa kwa kopo kubwa kwa jina la aqueous: hiyo itumie kuogea tu na uisuuze, usibaki nayo mwilini, kwa sababu mara nyingi imetiwa kemikali ya povu inayochokoza ngozi.

Dodoki na jiwe la kusugulia visikae bafuni kwako. Mtoto akiwa na magamba viwikoni, watu wazima wanataka kuyasugua yatoke, wakidhani ni uchafu. Yale magamba ni ngozi inayojitahidi kujiziba.

Ukimaliza, jifute kwa kugusagusa kwa khanga kuukuu, ile iliyofuliwa miaka hadi ikalainika. Acha mwili ukiwa na unyevu, usiukaushe kabisa. Kisha paka mafuta ndani ya dakika tatu. Hapa ndipo wengi wanapoteza kazi yote: anatoka bafuni, anapokea simu, anamtazama mtoto, anaweka chai jikoni, akirudi kwenye mafuta ngozi imeshakuwa ngumu. Dawa yake ni ndogo: kopo la mafuta liingie bafuni pamoja na wewe.

Mafuta

Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu, ndiyo nayapenda kuliko yote. Bei rahisi, hayana kitu cha kuleta aleji, na yanafunika kwelikweli. Soma kopo. Yale ya watoto, ya rangi ya waridi au buluu, mengi yametiwa manukato, na manukato ni kati ya vitu vinavyochokoza ngozi yetu zaidi. Neno "ya mtoto" kwenye kopo halimaanishi chochote. Losheni nyepesi za chupa zina maji mengi, zinakauka haraka na ukivaa nguo zimeisha. Kwa mtu mwenye ngozi nzuri zinatosha.

Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kupikwa ni mazuri, na ya alizeti pia hayaharibu ngozi, kwa hiyo ndugu zangu wa Singida hawana haja ya kuhangaika. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, yameonekana kudhoofisha lile tabaka la juu, basi yabaki kwenye saladi. Mafuta ya karanga usimpake mtoto mwenye ngozi iliyochanika, mwili unaweza kujifunza aleji ya karanga kupitia ngozini.

Kiasi gani? Zaidi ya unavyofikiri. Mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anatakiwa kumaliza kama gramu 250 kwa wiki, mtu mzima karibu nusu kilo. Ukiona kopo dogo la gramu 50 linakaa mwezi, basi hupaki, unajigusa tu. Paka angalau mara mbili kwa siku, na mikono kila unaponawa. Paka kwa kufuata vinywele vya mwili vinavyolala, kutoka juu kwenda chini. Ukisugua huku na huku, mafuta yanaziba vinyweleo na vinatoka vipele vyenye usaha. Na chota kwa kijiko safi. Kidole kilichojikuna kikiingia koponi kinapeleka vijidudu mle, na kesho unavipaka mwili mzima.

Kuna joto. Kuanzia Desemba hadi Machi hapa pwani, ukijipaka mgando mzito saa nne asubuhi utapata harara juu ya ukurutu. Msimu huo mchana natumia krimu nyepesi isiyo na harufu, mgando nauacha usiku. Jasho likikauka mwilini linawasha, kwa hiyo jimwagie maji, jifute, paka tena. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, hasa kwa waliopo Arusha, Moshi au Njombe, kinyume chake: mgando asubuhi na jioni, bila huruma.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta haya yanashika moto haraka na kuwaka kwa nguvu, hata yakifuliwa mafuta hayatoki yote. Ukiwa umejipaka, kaa mbali na jiko la mkaa, kibatari na mshumaa, na khanga ya kujifunga usiku isiwe ndiyo ya kupikia.

Usiku

Kuwashwa huzidi usiku, kila mwenye ugonjwa huu anajua. Kucha za mwanangu nakata kila Jumapili na kuzipiga tupa kwenye kona. Akiwashwa namwambia apigepige kwa kiganja au abonyeze, asikune. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, dakika chache, kinatuliza kuliko maneno.

Siku ngozi ikichachamaa kweli, namvalisha fulana mbili. Naoga naye mapema, nampaka mgando hadi ang'ae, kisha nachovya fulana ya pamba inayombana kidogo kwenye maji ya vuguvugu, naikamua kwa nguvu hadi isidondoshe hata tone, namvalisha. Juu yake fulana kavu. Mwanzoni anarukaruka kwa baridi, analalamika, baada ya dakika chache amenyamaza. Fulana ya ndani ikikauka, namvua. Kwa miguu natumia soksi ndefu za pamba zilizokatwa ncha, utaratibu ule ule. Usifanye hivi kama ngozi inatoa usaha au majimaji, wala usifanye juu ya dawa ya steroidi (ile ya kutuliza ukurutu uliowaka, nitaifikia) bila daktari kukuelekeza, kwa sababu unyevu unaiingiza dawa mwilini kwa wingi. Na usifanye usiku wa baridi kali kwa mtoto mchanga.

Vile vidonge vya njano vya aleji vinavyoleta usingizi, vinasaidia mtu alale. Ule mwasho wenyewe havifanyi kitu kikubwa, basi visigeuzwe chakula cha kila siku.

Kabatini, sehemu yangu

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, ndiyo kazi yangu. Khanga na kitenge kipya vina wanga, ndiyo maana vinasimama vikiwa dukani. Ukivivaa siku hiyo hiyo, shingo na kiuno vitakuambia. Loweka usiku kucha, fua, suuza hadi maji yasiwe na utelezi. Mteja mwenye ngozi kama yangu akiniletea kitambaa kipya namrudisha nacho nyumbani akakifue kwanza. Wengine hukasirika kwa sababu sherehe ni kesho.

Pamba ndiyo ya kukaa karibu na mwili. Poliesta inafungia jasho, sufu inachoma, lesi ya harusi inakwaruza kama msasa. Ukilazimika kuvaa lesi, iwekwe bitana ya pamba, na bitana ifike hadi kwapani na shingoni, isiishie kifuani tu kama mafundi wengi tunavyopunguza gharama. Mwambie fundi mishono ilalie nje au ifunikwe, nyuzi za ovaloku zisiguse mwili. Lastiki ya kiuno iwe ndani ya mfereji wa kitambaa, isishonewe juu ya ngozi. Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi, inabaki kigutu kinachochoma kuliko lebo yenyewe: fumua uzi wake.

Sweta la shule. Watoto wengi wanaoletwa kwangu na alama nyeusi shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko huwa wanavaa lile sweta la nyuzi za plastiki juu ya singlendi. Ndani avae shati la mikono mirefu lenye kola, na ndani ya kola ya sweta nashonea utepe wa pamba laini. Kazi ya robo saa.

Kufua: punguza sabuni ya unga, suuza mara tatu, usitie kilainishi chenye harufu wala dawa ya kung'arisha. Mitumba fua mara mbili kabla ya kuvaa. Kama wewe ndiye unayefua na mikono imechanika, vaa glavu za mpira na ndani yake glavu nyembamba za pamba, kwa sababu jasho la ndani ya mpira nalo linachoma. Godoro na mito vitolewe juani.

Harusi zina mitego yake. Hina halisi, ya majani, wengi wanaivumilia. Piko ni rangi ya nywele, ndani yake mara nyingi mna kemikali inayoitwa PPD, na ikikupata aleji unaweza kutoka malengelenge yanayofuata ua lote ulilochorwa. Aliyepata mara moja, mwili hausahau, na rangi za nywele zitamsumbua maisha. Hereni na vikuku vya bei ndogo vina nikeli, hata kifungo cha jinzi kinaweza kuacha duara la ukurutu chini ya kitovu. Marashi nyunyiza kwenye nguo. Kuhusu udi sitabishana na mtu wa pwani, ila mwenye pumu ya kifua asikae juu ya chetezo.

Dawa za kupaka, na mkorogo

Ukurutu ukiwaka, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo inakuja steroidi ya kupaka, na ikitumika vizuri ni dawa nzuri sana. Zina ngazi. Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni ya chini, ndiyo huandikwa kwa uso na kwa watoto. Betamethasoni ni kali. Klobetasoli, ambayo kwenye boksi huandikwa clobetasol, ni kali kupita zote na haina kazi usoni wala kwenye mikunjo ya mtoto. Kipimo: kamua kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka sehemu iliyowaka tu, kwa siku ulizoambiwa, na iachane na mafuta kama nusu saa ili isielee juu yake. Mafuta yanaendelea kabla, wakati na baada ya dawa.

Tatizo la kwetu ni zile tyubu zilizochanganya vitu vitatu: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki. Muuzaji anakupa bila kuuliza, siku tatu ngozi inang'aa, unaanza kumwita muuzaji huyo "daktari". Baadaye unaacha, inarudi kwa hasira, unanunua tena. Miezi ikipita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatoka mapajani. Na kama kumbe ilikuwa choa, steroidi inaficha duara lake na fangasi wanasambaa chini kwa chini.

Ngozi yetu nyeusi ina jambo jingine. Picha nyingi za ukurutu ni za wazungu, wekundu. Kwetu hauwi mwekundu, unakuwa kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, mara nyingi kwa vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, na ngozi inayokunwa sana inakuwa nene kama ya kisigino. Ukipona, unaacha weusi, au weupe kwa mtoto. Hayo madoa si ugonjwa na si kovu, yanafifia yenyewe kwa miezi, mradi usijikune tena. Ila madoa ndiyo yanayowapeleka dada zetu kwenye mkorogo. Ule mkorogo mara nyingi ni klobetasoli ile ile, haidrokwinoni na pengine zebaki, vitu ambavyo kwenye vipodozi vimepigwa marufuku nchini. Unaondoa doa, unaondoa na ngozi. Shoga yangu, liache doa lififie.

Chakula, kwa kifupi: usimwondolee mtoto maziwa, mayai na samaki kwa mpigo kwa sababu jirani kasema. Watoto wengi wenye ukurutu hawana aleji ya chakula, na ukimnyima vyote atakonda na bado atajikuna. Ukiona kila akila kitu fulani midomo inavimba au anatoka mabaka ndani ya dakika chache, hilo lipeleke hospitali.

Lini uende hospitali

Ukiona gamba la rangi ya asali, majimaji au usaha, ngozi imepata bakteria, inahitaji dawa. Ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yanauma badala ya kuwasha, yanapasuka na kuacha vishimo, na mtu ana homa, nenda siku hiyo hiyo, usiku ule ule ikibidi. Hao ni virusi vya malengelenge ya mdomo vimeingia kwenye ukurutu, na karibu na jicho ni hatari zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto mwenye ukurutu, hata akiwa bibi yake.

Kama nyumba nzima mnawashwa usiku, na vipele viko katikati ya vidole na kiunoni, hiyo huenda ni upele wa kuambukiza (skabi). Mgando hautaumaliza, mnatibiwa wote kwa pamoja.

Wa Dar es Salaam kuna Muhimbili. Kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wengi waliosoma pale wametawanyika hospitali za mikoa, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa wako kabla hujapanda basi. Siku mbaya piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, kwa sababu ngozi hii ina tabia ya kutulia asubuhi ya kliniki. Beba tyubu na makopo yote uliyowahi kupaka, hata yale yaliyoisha, na ule mkorogo uliouficha kwenye begi la nguo. Daktari akijua ulichopaka ataelewa anachokiona.